Ndama wa Nakiete

Ilikuwa mwaka 2021, msimu wa vuli, miezi minne baada ya Jamhuri kujitoa katika Jumuiya ya nchi jirani. Sisi wa Ngazo, nchi ndogo ya milimani iliyo ndani ya Jamhuri, tuna Baraza letu, bendera yetu na shule zetu. Tulipopigishwa kura, wanane katika kila kumi tulikataa kutoka, tukatolewa pamoja na waliotaka. Tangu hapo lango la mpakani la mji wa Kidaru, linalotutenganisha na nchi ya ng'ambo, limefungwa kwa mifugo. Nami nilikuwa na ahadi. Ukame ulipomaliza zizi langu, rafiki yangu Nakiete wa ng'ambo alinipa mtamba mmoja kati ya wawili aliokuwa nao, kwa desturi ya tangu mababu: ndama jike wa kwanza humrudia aliyetoa. Ndama jike alikuwa amezaliwa na kuachishwa kunyonya, na mtamba aliyebaki kwa Nakiete alikuwa amekufa.

Adhuhuri moja naketi kibarazani, kamba ya ndama mkononi, macho yanazama, na kibaraza kinakuwa barabara. Barabara inateremka, inageuka, inateremka tena pale ilipokwisha kuteremka, nami natembea na ndama nyuma yangu hata tunaingia mji ulio kama Kidaru, ila umegeuzwa kama ndani ya kioo: saa ya sokoni inakwenda kinyumenyume, maandishi ya madukani yanaanzia kulia, na ng'ambo ya njia najiona mwenyewe nikivuta ndama kwa mkono wa kushoto. Mtu asiye na uso, koti lake la kiofisa limepigwa pasi barabara, anasimama mbele yetu. Shikamoo, bibi, anasema, na sauti yatoka kwenye vifungo. Marahaba. Lango liko wapi? Liko pale mnapoishia kabla hamjaishia. Sema jambo lenye maana, kijana, nimefundishwa na walimu wakali kuliko wewe. Ng'ombe ni wa Baraza lenu, bibi, ndivyo sheria isemavyo, lakini mpaka ni wa Jamhuri. Basi nieleze: ndama huyu akivusha miguu ya mbele, na ya nyuma ikiwa bado kwetu, tumbo linatawaliwa na nani? Nyuma ya mabega yake wanatokea wengine, ishirini, mia, koti lile lile, pasi ile ile. Mliulizwa, wanasema kwa pamoja. Tuliulizwa, tukajibu, nanyi mkalimimina jibu letu ndani ya lenu kama kikombe ndani ya pipa. Mchinje, bibi, umle, mambo yaishe. Sili cha mtu. Na mimi sikutoka popote; aliyetaka kutoka na atembee kwa miguu yake, yangu aniachie. Naivuta kamba, napita katikati yao, makoti yanatawanyika kama ukungu, barabara inapanda, inageuka, inapanda tena, na mwisho wake ni kibaraza changu.

Naamka. Kivuli cha nguzo hakijasogea. Ndama amelala miguuni pangu, na kwato zake zina udongo mwekundu wa ng'ambo. Wetu ni mweusi. Sijui kama tumekwenda tukarudi, au ndiyo kwanza tunakwenda. Najifunga kanga, nateremka naye hadi Kidaru. Afisa wa langoni ana uso, tena uso wa Mwakio, mjukuu wa jirani yangu. Shikamoo, bibi. Ng'ombe ni wa Baraza, mpaka ni wa Jamhuri, nami ni mwajiriwa tu. Marahaba. Waandikie waajiri wako jina langu, Wakesho, na usikosee herufi. Mwakio anageuka kuitazama saa ya sokoni, anaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, nami naitazama: inakwenda kinyumenyume. Ng'ambo ya boriti inayoziba lango amesimama Nakiete. Umekawia, mwenzangu, anasema, nikadhani mmekwisha kumchoma. Njia ilikuwa ndefu. Nainama, nampitisha ndama chini ya boriti, miguu ya mbele, tumbo, miguu ya nyuma, kisha namkabidhi Nakiete kamba yake.