Kidude Kisichokuwemo Kwenye Mchoro

Watu wa mtaani wananiita Cheche, na wala si kwa ajili ya umeme. Nina hasira za karibu, nakiri. Nikifungua redio ya mtu nikakuta fundi fulani amefunga fyuzi kwa karatasi ya sigara, hata mwenye redio hasalimiki. Kazi ya kulipua, ya ovyo ovyo, siiwezi.

Sasa fikiria nilivyokuwa siku mlinzi wa kituo cha zamani cha redio alipotuletea lile dude kwenye mkokoteni. Amplifaya ya studio, ya transista, ya miaka ile valvu zilipoanza kustaafishwa. Sanduku la chuma la kijivu, ndani lina kadi sita zimesimamishwa kama vitabu kabatini. Kutu, vumbi, mavi ya panya. Jengo lilikuwa linavunjwa, na baba alikuwa amemganda yule mlinzi mwezi mzima asiiache itupwe.

"Ndiyo yenyewe," baba akasema, akiipapasa. "Mama yako alipita humu kila asubuhi, miaka saba."

Baba alikuwa fundi mitambo wa kituo hicho, mama mtangazaji. Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Picha zake ninazo, anacheka, mwanya wote nje. Sauti yake sina. Nimejaribu kuikumbuka mpaka kichwa kikauma, wapi! Ulibaki mkanda mmoja tu wa matangazo yake, na baba aliufungia kabatini miaka yote. Hakutaka uchezwe kwenye mashine nyingine yoyote. Anataka amsikie alivyokuwa hewani, basi. Nilinuna, nikagombana naye, nikanuna tena. Hakubadilika.

Ila sasa muda ulikuwa unatukimbia. Baba anapoteza masikio. Daktari alimweleza kwamba sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza, na kweli, ndege hawasikii tena, na birika likipiga mluzi jikoni yeye ametulia tu mpaka maji yanakauka. Zile nene nazo zinafuata, daktari alisema, hesabuni miezi. Baba hakulalamika. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaniuliza, "Hiyo amplifaya itachukua muda gani?"

Ilichukua wiki tatu. Kapasita zilikuwa zimekauka karibu zote, nikazibadilisha. Transista mbili zilikufa, nikahangaika kutafuta nyingine zinazolingana kipimo, maana zile hufanya kazi kwa jozi na moja ikiizidi nyingine sauti inakwaruza. Baba ndiye aliyenifundisha kazi hii, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba mchoro ndio bosi. Kisichokuwemo kwenye mchoro hakina kazi humo ndani. Mchoro ulibandikwa nyuma ya mfuniko, nami nikaufuata mstari kwa mstari.

Chini ya kadi ya tatu nikakuta kikapasita cha njano, kimelehemiwa kwa kufichwa, miguu yake imevishwa vipande vya mpira. Kwenye mchoro hakimo. Loo! Nilimtukana aliyekiweka, nikamtukania na kizazi chake chote, nikaking'oa, nikakitupa kwenye kopo la vyuma chakavu. Baba alikuwa ndani amelala, hakuona.

Asubuhi ya kuiwasha, baba alinyoa ndevu na kuvaa shati la mikono mirefu utadhani anaenda kuposa. Nikaiunganisha kwanza kupitia balbu, ili kama kuna shoti balbu ndiyo iwake badala ya sanduku kuungua. Balbu ikamulika kidogo, ikafifia. Hakuna moshi, hakuna harufu. Nikaitoa balbu, nikaweka mkanda kwenye mashine ya kanda niliyoiunganisha na amplifaya, nikakaa karibu na baba.

"Habari za asubuhi, msikilizaji. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu..."

Mwili ulinisisimka. Lakini palikuwa na kitu. Kila penye herufi S, mluzi mwembamba unachomoza. Asubuhi, fyuu. Msikilizaji, fyuu. Nikazima haraka, nikashika kichwa.

"Mbona umezima?" Baba alikuwa na machozi tayari. "Ndiye huyo! Mbona umemzima?"

"Inapiga mluzi, baba! Kila S! Wiki tatu nimeinamia hili dude halafu linanipigia mluzi kama mhuni wa kijiweni!"

Akaligeukia sanduku.

"Ulitoa kitu chini ya kadi ya tatu?"

"Kidude cha njano. Sijui ni fundi gani yule, kichwa maji kabisa..."

"Ni mimi," baba akasema.

Kile kizazi nilichokitukana kumbe ni mimi mwenyewe.

Akanieleza taratibu. Mama alikuwa na ule mwanya, na kila akitamka S pumzi ilipita hapo ikapiga mluzi. Mkuu wa studio akasema unachoma masikio ya wasikilizaji, huyu binti aondolewe hewani. Baba ndipo akalehemu kile kidude. Kilimeza mluzi kabla sauti haijaenda kwenye mnara, na mama akabaki kazini. Mkanda wenyewe ulirekodiwa moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni, kabla ya kidude, kwa hiyo mluzi ulibaki humo.

"Kipindi chake kikirudiwa jioni, alikuwa akijisikia kwenye redio ya jirani anashangaa. Ananiambia, mbona mimi huyu kama nina mafua? Nikamwambia ni redio ya jirani mbovu." Akacheka kidogo. "Sikumwambia mpaka amekufa. Nyumbani alikuwa anaongea na ule mluzi wake, na mimi kazini nauzima. Miaka saba."

"Nikirudishe?" nikamuuliza. "Upate sauti yake ya hewani, ile unayoitaka?"

Akatikisa kichwa. "Washa hivyo hivyo."

Nikawasha. Baba akainama, akabandika sikio kwenye spika kabisa, akafumba macho. Mama anaongea, mluzi unapita, unapita tena. Baba anangoja.

"Siusikii," akasema. "Sauti naisikia. Mluzi siusikii, mwanangu."

Moyo uliniuma, jamani. Nilitaka kumkasirikia mtu na sikuwa na wa kumkasirikia. Nikauchukua mkono wake, nikaufungua, na mama alipotamka msikilizaji nikamgonga kiganjani kwa kidole.

"Hapo?" akauliza.

"Hapo."

Nusu, nikagonga. Safari, nikagonga. Baba akaanza kutabasamu kabla ya kidole changu kufika, maana maneno alikuwa akiyasikia na sasa alijua wapi pa kungoja. Nami nilipokuwa nagonga nikautambua. Huo mluzi naujua. Ndio uliokuwa ukiniamsha kitandani nikiwa mdogo, simama, sasa simama, na uso wa mtu uko karibu sana na wangu. Nikalia kwa sauti, bila aibu, kidole bado kinafanya kazi yake.

Mkanda ukaisha, gurudumu likazunguka tupu. Nilitaka kuzima. Baba hakukunja kiganja.

"Rudisha mwanzo," akasema. "Na safari hii gonga kwa nguvu."