Kimo cha Nyuzi

Fundi wa magitaa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, gitaa limelala mapajani kama mtoto anayenyolewa, naye akisugua kwa msasa upande wa chini wa kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi. Ukikipunguza, nyuzi zinashuka kuelekea shingo ya gitaa, na mwenye mkono mwepesi anafurahi. Ukizidisha, zinagusa vyuma vya shingoni na kulialia kama mbu. Kwa hiyo alikuwa anasugua kidogo, anakirudisha, anafunga nyuzi, anapima, kisha anafungua tena. Upande wa pili wa kaunta wifi yake aliuza vocha za simu na, bila malipo, maneno.

Gitaa lilikuwa la Vidole. Mji mzima ulimjua mwimbaji huyo, na mji mzima ulijua mlio wa gitaa lake, mzito, unaotangulia sauti yake kama mwenye nyumba anayemfungulia mgeni mlango. Asubuhi hiyo alikuwa amelileta kwa mara ya tatu.

"Zimepanda tena," alisema. "Vidole vinaniuma, siwezi kuzibana. Na Jumamosi napewa nishani ya mpiga gitaa bora. Nitapiga nini mbele za watu, miayo?"

Fundi alikitoa kile kipande akakitazama. Pale alipokuwa amepunguza, mfupa ulikuwa umeota upya, mweupe na laini, kama ukucha unavyoota.

"Unakua," alisema.

"Basi ukate," alijibu Vidole, akaenda zake.

Alasiri aliingia mama mmoja aliyevaa gauni la kijani na viatu vya wazi. Alikuwa mke wa Vidole. Walimzika mwaka uliopita. Wifi alihudhuria mazishi hayo na bado alikumbuka kwamba viti havikutosha.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi.

"Marahaba. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Karibu kiti."

"Na huko utokako, hawajambo?" aliuliza wifi.

"Hawajambo. Kimya tu ndicho kimezidi."

Mama alilichukua gitaa, akalipakata bila kulitazama, kama mtu anayefunga kifungo cha gauni lake mwenyewe.

"Mfupa naurudisha mimi," alisema. "Usinione mkorofi, mwanangu. Wewe unamshushia yeye, na mimi nyuzi zikiwa chini namna hii sipati nafasi. Mkono wangu ni mzito. Sikiliza."

Alipiga kwa dole gumba. Nyuzi zilikwaruza vyuma, sauti ikatoka imechanika. Fundi alilipokea gitaa, akalegeza nyuzi, akapachika vipande viwili vya kadi ngumu chini ya mfupa, akakaza upya na kumrudishia. Mama alipiga tena. Safari hii duka zima lilinguruma, na misumari ikacheza ndani ya kopo lake.

Wifi aliacha kuhesabu vocha. "Hee! Huo si mkono wa Vidole?"

"Ni mkono wangu," alisema mama. "Studio nilipiga mimi, yeye akaimba. Jukwaani nilikaa nyuma ya pazia, na yeye akakumbatia gitaa lisilosikika. Alisema jina moja linatosha nyumba nzima."

"Na wewe ukakubali?"

"Watoto walikuwa wadogo. Halafu nilipenda kupiga. Mtu akikupa unachokipenda, huangalii sana amekupa kwa mlango upi." Alitazama nje, kwenye kibao cha duka. "Hilo jina ni la mwanamume."

"La mume wangu," alisema Fundi.

"Naye ni fundi?"

"Anauza saruji."

"Aha," alisema mama, akapapasa nyuzi.

Fundi naye alikitazama kibao kile. Akachukua tupa na kipande kipya cha mfupa, akaanza kazi.

Vidole alirudi jioni kuchukua gitaa. Alimkuta mkewe kwenye kiti.

"Kumbe uko huku," alisema.

"Niko. Watoto wazima?"

"Wazima. Kitinda mimba kapata kazi."

"Alhamdulillahi."

Walitazamana kama wanandoa wanaosubiri chai ipoe.

"Fundi, zishushe," alisema Vidole.

"Zipandishe," alisema mkewe.

Fundi aliweka tupa chini. "Gitaa ni moja, baba. Siwezi kulipangia mikono miwili. Mniambie tu, Jumamosi anapiga nani?"

Vidole aliitazama mikono yake, laini kama ya mtu aliyetoka kuoga. Kisha akasema polepole, "Atapiga yeye." Akaongeza haraka, "Lakini nyuma ya pazia."

"Pazia halinifai tena," alisema mkewe. "Miaka yote nilipiga nikitazama kitambaa. Sasa nataka kuwaona watu. Sidai kingine."

Vidole alifikiri. "Haya," alisema. "Ila usivae hilo la kijani."

Fundi alipandisha nyuzi zikafika milimita tatu juu ya vyuma, zile nene akaziongezea kidogo. Mfupa haukuota tena.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Fundi na wifi yake walipata nafasi safu ya nne. Mama alikaa katikati ya jukwaa, taa zikimmulika, amevaa lilelile gauni la kijani, na akapiga kwa dole gumba lake zito mpaka vioo vya madirisha vikaitikia. Hakuna uzi uliokwaruza. Vidole alikaa pembeni yake akiimba, mikono mitupu magotini.

"Anayepiga ni yule mama," wifi alimwambia jirani yake, mzee mwenye miwani.

"Namwona," alisema mzee, machozi yakimlengalenga. "Lakini Vidole, wallahi, hana mpinzani. Msikie huyo!"

Fundi alisimama akapaza sauti, "Anapiga mama!" Watu wa karibu waligeuka, wakamtikisia kichwa kwa upole kukubali, na wakaendelea kuliimba jina la Vidole.

Nishani ilivishwa shingoni mwa Vidole. Mshereheshaji alisema mikono kama ile huzaliwa mara moja tu, na Vidole akaiinua mikono yake ili watu waione. Mpiga picha alisogea mbele, akapiga goti, akamwomba mama ajivute kidogo upande, maana alikuwa anamziba Vidole.

Mama alijivuta.