Kidole cha Otilia

Kila Jumatatu Bernadi, dresa wa zahanati, aligawa vidonge vya homa barazani kwa jumbe, na akina mama walipanga foleni na watoto wao kabla umande haujakauka. Ulikuwa mwaka wa hamsini na mbili, daktari Mwingereza alipoleta dawa mpya ya kujaribiwa huku ufukweni Nyasa. Siku ya kwanza, mtoto mmoja alifungwa uzi mwekundu shingoni, anayemfuata mweupe, hivyo hivyo hadi mwisho wa foleni.

Scolastika ndiye aliyewahi kufika na binti yake. Lakini nyuma yake alisimama Bonifasia, aliyeshuka kutoka Maguu, kule milimani, kumuuguza mama yake, na kumwacha mgeni nyuma ni aibu. Akampisha. Mtoto wa Bonifasia akapata uzi mwekundu. Otilia, binti wa Scolastika, akapata mweupe.

Wiki ya tatu Otilia alianza kutoa chaki. Kila alichogusa kilibaki na mstari mweupe: mlango, kinu, mgongo wa mbuzi, shavu la mama yake. Watoto wote wa uzi mweupe walikuwa hivyo, na mama zao walinung'unikia kufua tu. Ila homa ya Otilia haikushuka, na mtoto wa Bonifasia alikuwa akikimbiza kuku wanaodonoa usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa.

"Kaka Bernadi, mwanangu unampa chaki," Scolastika alisema.

"Ndiyo, dada. Wa uzi mweupe wote ni chaki. Bila hao tutajuaje kama dawa ya wenzao inafaa?"

"Basi mbadilishie. Mimi nilikuwa mbele, nilimpisha mgeni tu."

Bernadi alimhurumia kwa dhati. Akafunua daftari, akalifunga. "Hesabu ya bwana daktari itaharibika, dada."

Scolastika alirudi nyumbani akilia kwa hasira, akiulaani ustaarabu wake mwenyewe.

Mwezi wa sita daktari alikuja shuleni kutangaza matokeo. Chaki za shule zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo akaitwa Otilia. Mama yake alimbeba hadi ubaoni, maana miguu ilikuwa imelegea. Daktari akamshika mkono taratibu, akakiongoza kidole: DAWA INAFAA. Watu wakapiga makofi.

"Shikamoo, bwana daktari," alisema Scolastika. "Sasa wangu atapewa lini?"

"Marahaba, mama. Ya majaribio imekwisha. Nyingine tutaiagiza mwakani."

Kisha akaomba maneno yale yapigiwe mstari. Otilia akayapigia.