Shingo Iliyong'aa Kupita Kiasi

Tak!

Mlio huo mdogo wa spana ulimwambia fundi wa meno ya bandia kwamba skrubu imekaza, na haitakaza zaidi. Kwa miaka sita ulikuwa muziki masikioni mwake. Leo ulimtia hofu.

Mkononi alishika mzizi wa chuma wa majaribio, mfano wa ule unaopandwa ndani ya taya, na juu yake shingo inayobeba jino. Ndani ya mzizi alikuwa ametia tone la wino wa buluu. Akautumbukiza katika glasi ya maji safi, akakodoa macho.

Wenzake karakanani walimwita Kioo, kwa jinsi kazi zake zilivyong'aa, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na babake. Shingo ile aliing'arisha jana, vilevile alivyoing'arisha ya mama yake miezi minane iliyopita: pande zote, hata ukingo unaokalia mzizi. Ukingo huo huvikwa kofia ili jiwe la kung'arishia lisiuguse na kuacha upenyo. Kioo hakuivika. "Kofia ni ya wanaotetemeka mikono," aliwatania wenzake.

Sasa ufizi wa mama ulikuwa umevimba na kutoa usaha, mfupa ukiliwa chini kwa chini. Mama aliyecheka hadi jirani wa tatu akacheka bila kujua kisa, siku hizi aliongea na kitambaa mdomoni. Na Kioo alikuwa amemgombeza mbele ya daktari: "Mama, hupigi mswaki! Unaniaibisha." Tangu siku hiyo mama alisugua hadi damu ikamtoka.

Asubuhi hii daktari alikuwa amempigia simu. "Saa nane naung'oa mzizi wa mama yako. Mfupa uliobaki hautabeba mwingine. Lakini meno yake mengine ni safi kuliko yangu na yako. Kosa si mswaki."

Ndipo Kioo alipoutafuta wino.

Uzi wa buluu ukachungulia. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele, ukitokea pale shingo ilipokutana na mzizi, ukajinyonga majini.

"Hapana. Hapana, bwana."

Akautoa mzizi, akaufuta, akabadilisha maji, akakaza upya. Tak! Uzi ukatoka tena. Wino ukipata pa kutokea, mate yanapata pa kuingilia, na vijidudu nyuma yake. Kumbe miezi minane mama alikuwa akisugua nje, na uozo uko ndani, mlango umefunguliwa na mwanawe.

Saa saba na nusu. Akampigia daktari simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Kimya. Akaibeba glasi, mzizi ukiwa ndani, akaifunika kwa kiganja, akatoka mbio na aproni yake.

Alimkuta mama kwenye kiti cha daktari, ameshachomwa sindano ya ganzi. Daktari, mwanamke asiyependa kelele, alikuwa na koleo mkononi.

"Daktari, usiung'oe!"

"Toka nje, Kioo. Umejaa vumbi."

"Shingo inavuja! Niliung'arisha ukingo, mimi mwenyewe, kwa kiburi changu. Tazama!"

Maji yote yalikuwa buluu. Daktari aliitazama glasi, kisha kile kiganja kilichochafuka wino. Akaliweka koleo chini polepole.

"Mfupa umeliwa theluthi. Nikiusafisha mzizi, nawe ukaniletea shingo nyingine, huenda ukashika. Huenda, umenisikia?"

Mama aligeuza kichwa. Mdomo ulikuwa umelala upande kwa ganzi, maneno yakatoka mazito.

"Kwa hiyo... sikuwa mchafu?"

Kioo akapiga magoti, glasi ikamwagika apronini.

"Hukuwa mchafu, mama."

"Basi uuombe radhi mswaki wangu. Umeteseka, maskini."

Kioo hakuweza kucheka. Aliushika mkono wa mama uliokuwa bado umebana kile kitambaa.

"Nisikilize, mama. Shingo mpya naichonga leo, na kofia haitatoka ukingoni. Italala kwenye wino mbele ya macho yako kabla haijaingia kinywani mwako. Na kila mtu niliyemng'arishia kama nilivyokung'arishia wewe, nitamwita, mmoja mmoja, nimwambie kwa mdomo wangu. Nakuahidi."