Pepeta Nyuma ya Mlango

Tangu mume wangu Theodori azikwe, watu wawili walinipa ushauri nisiouomba.

Wa kwanza ni shemeji yangu Fulgensi wa Malinyi, kaka mkubwa wa marehemu. Alisema mjane hawezi kuendesha hoteli ya chai pale Kivukoni, kwenye madereva na wavuvi wa kila aina. Niifunge, nihamie kwake na binti yangu Katarina, nikalime mashamba yake. Nikamwomba aniache mpaka mpunga uvunwe. Akakubali kama mtu anayemwachia kuku adonoe kidogo kabla ya kuchinjwa.

Wa pili ni Kelestini, tajiri wa Ifakara. Huyu alianza kwa kupima chumvi kwa kijiko sokoni, na wakati huo alikuwa na duka la bati na lori lake mwenyewe. Sijawahi kuona tajiri anayenyamaza. Kila lori lake likisubiri pantoni, alishuka, akaketi kwenye benchi langu bila kununua kitu, akaanza kufundisha.

"Mama Katarina, biashara ni kuonekana," alisema. Nikatafuta rangi nyekundu, nikaandikiwa kibao: CHAI SAFI. Wavuvi Wandamba wasiojua kusoma walidhani ni tangazo la Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, wakawa wanapita mbali.

"Basi shusha bei." Nikashusha. Madereva wakanong'ona kwamba sasa chai imechanganywa na maji ya mto. Jamani, siku zote nilikuwa naichanganya na nini?

"Na usitoe kitu cha bure," akamalizia. "Cha bure kinamfanya mteja kuwa ombaomba." Hilo nililishika barabara, maana sikuwa na cha kutoa.

Mpunga ukaanza kugeuka rangi bondeni. Dada yangu Stefania, aliyekuwa akilima Katindiuka, akaniletea kikapu cha mpunga mchanga ili nitengeneze pepeta. Mpunga huo unakaangwa kwenye chungu, kisha unatwangwa ungali wa moto mpaka punje zinakuwa bapa. Harufu yake inamtoa mgonjwa kitandani. Lakini kwetu pepeta haikuwa kitu cha kuuza. Aliyekukuta unatwanga alikaa akala, awe ndugu au mpita njia, na hakuna aliyeuliza bei.

Mimi nilikuwa na njaa ya wateja, na maneno ya Kelestini yalikuwa yakinipigia kelele kichwani. Nikaamua kuipima kwa vikombe na kuiuza. Ili asije mtu akanikuta na kuketi kula bure, nikaingiza kinu ndani na kufunga mlango.

Nani alikuambia kinu kinaweza kufichwa? Sijatwanga sana nikasikia hodi.

"Hoteli imefungwa!" nikapaza sauti.

"Haijafungwa, tunasikia kinu," akajibu mtu nje. Nilimjua kwa sauti: Hermenegildi, dereva Mpogoro aliyekuwa akibeba pamba kutoka Mahenge. "Mama, kwetu anayetwanga pepeta amefunga mlango tunamwita mchawi."

Wenzake wakacheka. Damu ikanichemka. Mimi Balbina, niliyebatizwa na kufunga ndoa kanisani, niitwe mchawi kwenye mlango wangu mwenyewe? Nikausukuma mlango kwa teke, nikamtupia ungo mzima wa pepeta mikononi.

"Haya kuleni! Kuleni mnimalize!"

Wakala kweli. Hawakuwa na haya hata kidogo. Madereva, matanboi wao wa kupakia mizigo, wavuvi wawili waliokuwa wakipita mbali na kibao, wote wakauzunguka ule ungo. Mimi nimesimama mlangoni, mikono kiunoni, natafuta tusi la kumfaa kila mmoja.

Sasa, pepeta kavu ni tamu, ila inang'ang'ania kwenye meno na kukausha koo. Hermenegildi akaanza kukohoa. Akajipiga kifua. "Mama," akasema kwa taabu, "nipe chai." Mwenzake naye akataka chai. Wavuvi wakataka chai. Birika likaisha, nikateleka jingine, na pantoni ilipofika upande wetu ilibidi waitwe kwa kelele.

Kesho yake nilitoa kinu nje, nikakiweka kando ya barabara. Nikiona pantoni inakaribia, nilianza kutwanga. Watu walishuka, wakala, wakakohoa, wakanywa. Kelestini naye alikuja, akala viganja viwili, na kwa mara ya kwanza akanunua chai.

"Si nilikuambia biashara ni kuonekana?" akasema.

Nikamjazia kiganja cha tatu ili anyamaze.

Hata hivyo usingizi wangu haukuwa mzuri. Mpunga ulikuwa umeshavunwa na kukauka, na tulikuwa tukiuloweka kwanza ndipo tuukaange. Nilijua Fulgensi hasahau ahadi. Akaja kwa mtumbwi, begani ana magunia matupu ya kubebea vitu vyangu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umeshafungasha?"

Kabla sijajibu, mvuvi mmoja akamsogezea ungo, maana mgeni alikuwa amekuta pepeta. Fulgensi akala huku amesimama. Kisha akajinyoosha ili anene mbele ya watu.

"Shemeji, heshima ya ukoo..." Akakwama. Akameza. "Heshima ya..."

Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Hakuna aliyecheka, na mimi nisingethubutu. Nilimimina chai haraka hata nikajiunguza. Akanywa. Mtu akasogea kumpisha, akaketi. Akaomba kikombe cha pili, akakinywa polepole akitazama mabenchi yaliyojaa, madereva wakiniita mama na kusubiri zamu zao, Katarina akiosha vikombe.

Alipomaliza alitoa senti mfukoni na kuziweka mezani.

"Aa, shemeji, wewe hulipi," nikasema.

"Nalipa," akasema. "Ungekuwa nyumbani kwangu ningekunywa bure. Hapa ni kwako."

Akainuka, akakunja magunia yake, akamsalimu kila mtu kwa mkono na kushuka mtoni.

Niliingia ndani, nikakaa chini sakafuni na kulia. Nililia kwa furaha. Ilikuwa kama nimetua mzigo wa kuni niliokuwa nimeubeba tangu mazishi. Nje wakaanza kuita: "Mama, chai!" Nikawajibu wasubiri, na wakasubiri.