Varanda ya Rongai

Msongamano wa Rongai haukuletwa na ajali, wala mvua, wala shetani, ingawa Anko Jamleck alimtaja huyo wa mwisho mara kadhaa. Uliletwa na werevu. Kila dereva aliyetoka upande wa Molo alikuwa amegundua, bila msaada wa mtu, kwamba leni moja inaweza kuzaa tatu. Waliotoka Nakuru nao walishukiwa na ufunuo uo huo. Sasa werevu wote hao walitazamana uso kwa uso, kila mmoja akistaajabia utovu wa adabu wa mwenzake.

Ndani ya pikapu ya anko wake, magunia ya viazi yakiwa yamerundikwa nyuma, Wangare alikuwa ameshikilia hotuba yake. Alikuwa akienda Nakuru mbele ya kamati iliyosikiliza maoni ya wananchi kuhusu upanuzi wa barabara. Kamati ilinuia kuyabomoa maduka makuukuu ya Rongai. Wangare, mwanafunzi wa usanifu majengo, ndiye pekee aliyejiandikisha kuyatetea. Saa sita mlango ungefungwa, na maduka yasiyo na msemaji huvunjwa kwa kauli moja.

Foleni, kwa hisani yake, ilikuwa imemweka mbele ya maduka hayohayo. Tangu utotoni alikuwa ameyapita kwa kasi. Leo alipewa nafasi ya kusoma mwaka uliochongwa juu ya paa, 1936, chini ya rangi ya kijani ambayo kampuni fulani ya simu ilikuwa imeusitiri nayo, pengine ili usipate baridi. Aliona ngazi za mawe zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Aliona varanda ndefu iliyosimama juu ya nguzo za mwerezi.

"Anko, hebu ona zile nguzo. Hakuna anayejenga hivyo siku hizi."

"Naziona," alisema Anko Jamleck. Macho yake yalikuwa yakipima upana kati ya nguzo na ukuta. "Pikapu inatosha hapo."

"Hapo ni varanda!"

"Ni leni. Haijafunguliwa tu."

"Anko, wewe ni shemasi."

"Na Bwana akifungua njia, shemasi apige breki? Nilimwambia mama yako nitakufikisha, na nitakufikisha."

Basi akapanda varanda, kwa upendo. Pikapu iliigonga nguzo ya kwanza, nguzo ikatoka kwenye jiwe lake, na boriti la paa likashuka kwa mlio mrefu wa mabati hadi likatua juu ya magunia. Hapo likatulia. Miaka tisini ya mwerezi sasa ilibebwa na viazi vya Molo.

Mama mmoja alitoka dukani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Alikuwa Milcah, fundi wa nguo.

"Mzee, umekuja nikupime wewe ama gari?"

Anko Jamleck alishuka. "Pole, mathe. Nitatoka polepole."

"Na paa litaanguka polepole. Usiguse hiyo gari! Hapo ndani kuna vyerehani vyangu, na mtoto wa jirani amelala."

Wakati huohuo, kwa ukarimu wa kawaida wa dunia, foleni ikafunguka. Magari yakaanza kupita, na kila dereva akatoa mchango wake.

"Boss, hapo unalipia parking wapi?"

"Mzee amefungua duka la viazi!"

Anko Jamleck aliitazama barabara iliyofunguka kama Musa alivyoitazama Kanaani. "Dakika moja tu, mathe. Nikikanyaga mafuta kwa nguvu, nitakuwa nje kabla paa halijaanguka."

Wangare alimjua. Alijua pia kwamba paa likianguka, picha yake itafika mezani pa kamati kabla yake, iwe ushahidi kuwa maduka haya ni hatari kwa umma. Na akibaki kulilinda hadi fundi wa mbao aje, saa sita itapita na safu nzima itakwenda. Alimwona anko wake akirudi kuelekea mlango wa pikapu akiwa na uso wa mtu aliyekwisha kuomba na kujibiwa.

Aliinama upande wa usukani, akazima injini, akachomoa ufunguo, akashuka.

"Wangare! Lete huo ufunguo!"

"Fundi akiweka nguzo, nitaurudisha, Anko."

"Mimi ni kaka wa mama yako!"

"Ndiyo maana sijawaita polisi."

Tayari alikuwa amesimamisha bodaboda. "Nakuru, boss, haraka. Nina mkutano." Alipanda, hotuba kifuani, ufunguo ndani ya kiganja, na anko wake akamkimbilia hatua chache kabla ya kukumbuka suti na cheo chake.

Milcah alimpigia simu fundi wa mbao, kisha akatoa kiti na kukiweka kando ya gurudumu.

"Keti, shemasi," alisema. "Kwa kuwa sasa wewe ni sehemu ya jengo, afadhali ukae imara."