Swichi ya Mkono

Katika wodi ya watoto wenye saratani, nesi mmoja alikuwa na dawa isiyokaa kwenye chupa, na aliipigia debe kwelikweli.

"Fumba macho, mwanangu. Ndani ya kichwa chako kuna swichi. Zima ile ya mkono."

Binti wa miaka tisa akafumba macho, akageuza uso na kuuzamisha kwenye mto. Nesi akachoma, akaukosa mshipa. Akachoma tena, akaupata. Mtoto kimya. Mwezi mzima sasa, kimya.

"Umeona?" nesi alimtambia mama wa mtoto. "Hata kuguna hakuguna!"

Mama akashukuru weee, kisha akatoka kwenda kuchota maji. Nesi akaanza kubadilisha foronya. Pembe moja ilikuwa imetafunwa hadi ikatoboka, na ilikuwa na damu mbichi.

"Kumbe swichi haizimi?" aliuliza.

"Haijawahi kuzima, nesi."

"Sasa mbona unanyamaza, mwanangu?"

Mtoto alijifuta mdomo kwa kiganja. "Zamani nikilia, mikono yako ilikuwa inatetemeka. Ulikuwa unanichoma mara saba."